Hapana, Wajapani hawakununua mashine za Levi's

Jumamosi iliyopita ilikuwa mara ya nne tangu mwaka uanze. Kijana kaja na jinzi yake, kaikunja miguuni ili ule ukingo mweupe wenye uzi mwekundu uonekane, na kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake keshaanza: "Fundi, hii ya Japani. Si unajua Wajapani walizinunua mashine zote za zamani za Levi's, wakazipakia melini? Ndiyo maana siku hizi Mmarekani hana jinzi." Nilikuwa na pini mdomoni, nikanyamaza. Leo sina pini.

Levi's ni washonaji wa jinzi wa Marekani, si wafumaji. Kitambaa walikuwa wakikinunua, kwanza Amoskeag kule Manchester, New Hampshire, halafu kuanzia 1915 kwa Cone wa Greensboro, North Carolina, wenye kiwanda cha White Oak kilichoanza kazi 1905. Mashine za kufumia zilikuwa za Cone, na aina yake Draper, kutoka Hopedale, Massachusetts. White Oak ilifungwa mwisho wa 2017. Draper zake kadhaa zikahamia Louisiana. Louisiana haiko Japani, nimeangalia.

Ukienda Okayama, Japani, kwenye viwanda vinavyolisha Kojima, mji wa washona jinzi, ukauliza denimu (kitambaa cha jinzi) yenye ukingo inafumwa na nini, utatajiwa Toyoda. Ndiyo, hao hao wa magari ya Toyota. Sakichi Toyoda alikamilisha mashine yake ya Aina ya G mwaka 1924: uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana wa kitambaa, ukiisha, mashine inabadilisha yenyewe, bila kusimama, kile kidude kinachoubeba huku na huko. Mwaka 1929 Platt Brothers wa Oldham, Uingereza, waliokuwa vigogo wa mitambo ya nguo duniani, walikubali kulipa pauni 100,000 wapate haki ya kuitengeneza. Idara ya magari ilianzishwa 1933 ndani ya kampuni hiyo hiyo ya Toyoda ya mashine za kufuma. Kwa hiyo Coaster iliyokuleta hapa sokoni na mashine iliyofuma suruali yako huenda ni ndugu wa ukoo mmoja. Mjapani alimuuzia Mwingereza ujuzi wa kufuma, halafu sisi tunasimuliana kwamba alikaa kibarazani akimngoja Mmarekani atupe za kwake!

Nikubali kwamba uongo huu una mzizi, na mzizi wenyewe ni cherehani.

Maruo, kiwanda cha Kojima kilichozoea kushona sare, kiliingia kwenye jinzi mwaka 1965 kwa jina la Canton. Kitambaa kilitoka Georgia, Marekani. Cherehani za kushonea nguo nzito kama hiyo nazo zilikuwa za Kimarekani, Union Special. Hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Cherehani inaunganisha vipande. Mashine ya kufumia inatengeneza kitambaa chenyewe. Kusema "mashine" bila kusema ipi ni sawa na kusema "dawa" bila kusema ya kunywa au ya kupaka. Hadi leo washonaji wa Japani wanaipenda mno Union Special 43200G, ya kupinda miguu ya suruali kwa mshono wa mnyororo. Na wanaipendea kasoro yake! Inavuta pindo kidogo upande, ukifua mara kadhaa linajikunja kama kamba, na rangi inachujuka kwa mistari ya mshazari. Cherehani mpya zinapinda sawasawa, hakuna kinachojikunja, na wateja hawazitaki. Mimi nilifundishwa kwa rula na viboko kwamba pindo likijikunja ufumue urudie. Leo watu wanalipia lile nililokuwa nikichapiwa.

Kitambaa cha jinzi cha Kijapani kilikuja baadaye: KD-8 ya kampuni ya Kurabo, 1973. Kabla yake, mwaka 1970, Kaihara wa Hiroshima, ukoo wa wafumaji wa nguo za nili tangu 1893, walikuwa wamepata njia ya kuchovya uzi kwa mtindo wa kamba. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, zinasokotwa pamoja, zinachovywa kwenye nili, zinatolewa hewani, zinachovywa tena. Nili haina haraka ya kuingia ndani, moyo wa uzi unabaki mweupe, na ndiyo sababu jinzi inapauka magotini badala ya kubaki buluu tupu. Hilo ni la mtia rangi. Mfumaji hana mkono hapo, wala ukingo hauhusiki.

Nao ukingo una wasifu mkubwa kuliko kazi yake. Ukingo unatokea kwa sababu mshindio ni uzi mmoja unaokwenda na kurudi, basi. Uzi mwekundu ulikuwa alama ya Cone ya kujua kitambaa hiki ni cha Levi's. Unaweza kufuma takataka yenye ukingo safi kabisa, na nimezikata nyingi.

Kinachoniudhi zaidi ya hadithi ya meli ni mtu anayeshika jinzi, anaipima uzito mkononi kama nyama buchani, anasema, "Nzito, hii ndiyo ya Japani, ndiyo ya asili." Asili ipi? Mwaka 1927 kitambaa cha ukingo mwekundu ambacho Cone walikitengeneza kwa ajili ya 501, ile jinzi maarufu ya Levi's, kilikuwa cha aunsi 10 kwa yadi. Hizi za aunsi 21 na 25 zinazosimama zenyewe pembeni ya kitanda ni ushindani wa siku hizi. Hakuna mfanyakazi wa reli aliyezivaa.

Chukua Fullcount, kampuni ndogo ya Osaka iliyoanzishwa 1992 na Mikiharu Tsujita, mmojawapo wa kundi la Osaka pamoja na Studio D'Artisan, Denime, Evisu na Warehouse. Jinzi zao za kawaida ni za aunsi 13.7, na ukizivaa siku ya kwanza hazikuchubui. Siri ni pamba, na pamba yenyewe inatoka Zimbabwe! Inachumwa kwa mkono, kama ya Shinyanga na Simiyu. Mashine ya kuvunia inakusanya pamba pamoja na majani, ikifika kiwandani lazima isafishwe kwa nguvu, na kusafisha kwa nguvu kunakata nyuzinyuzi. Pamba ya mkono inafika safi zaidi. Ikiwa nyuzinyuzi ni ndefu, uzi hauhitaji kusokotwa sana ili ushikane, na uzi usiosokotwa sana unakuwa laini. Watu wanasifu mashine ya miaka sitini wakati mwanamke aliyeinama shambani Zimbabwe ndiye aliyeamua suruali itakuwaje mapajani.

Na mchoro? Mchoro waliupata mitumbani. Hili halimfurahishi mteja kulisikia, lakini ndivyo. Baada ya vita, jinzi kuukuu za Wamarekani ziliuzwa Ameyoko, soko la Ueno, Tokyo. Baadaye wafanyabiashara wa Kijapani wakazunguka Marekani yenyewe wakipekua magala na maduka ya vijijini. Ukitaka kunakili suruali ya 1944 unaifumua mshono kwa mshono. Unagundua mfuko wa saa hauna ribiti kwa sababu wakati wa vita chuma kilibanwa, na ule upinde unaoshonwa kwenye mfuko wa nyuma umechorwa kwa rangi tu kwa sababu uzi nao ulihesabiwa. Wanaziiga hata hizo dhiki. Ni kazi ile ile ninayoifanya mimi belo likifunguliwa na suruali yenye kiuno kizuri ikaanguka mbele yangu, ila mimi sina subira ya kuhesabu mishono kwa kila inchi.

Sasa maungamo. Ukinifunga kitambaa machoni ukanipa kipande cha Draper na cha Toyoda vya uzito mmoja, uzi mmoja, nakosea. Wapo wanaoapa kwamba sakafu ya mbao ya White Oak ilikuwa ikicheza mashine zikipiga, na mtikisiko huo ukaingia kwenye kitambaa. Nimevishika vitambaa vyao. Nahisi kitu, ila sijui kama ni vidole vinavyohisi au ni hadithi. Hata huo ulaini wa Fullcount sina hakika ningeuona kabla sijaambiwa pamba ni ya Zimbabwe. Na hadithi ya meli, jamani, niliisimulia mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa. Ilipandisha bei vizuri sana.

Kijana alirudi Jumatatu kuchukua suruali. Nilipunguza urefu nikamwachia ukingo wake, nikamweleza yote haya kwa ufupi, na ufupi wangu ulikuwa nusu saa. Akasikiliza kwa adabu. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo fundi, nikitaka kuiuza niseme imefumwa na Toyota?"

Nikamwambia kama ni kweli aseme Toyoda, kwa d.

Akaikunja suruali, akaitia kwenye begi. "Hiyo ya d hawatanielewa, fundi. Nitabaki na ile ya meli."

Akanilipa elfu tatu za kupunguza.