Mashine haisomi DNA yako mwanzo hadi mwisho

Kwenye vijiwe vya Moshi utasikia kwamba damu ikiwekwa kwenye mashine, DNA yote inatoka mfululizo. Sivyo. Mashine husoma vipande. Njia ya Sanger, ya mwaka 1977, hufikia herufi 800 hivi (A, C, G na T, ndizo alama za DNA) kwa kipande. Mashine za Illumina husoma 150 hadi 300 tu, ila mamilioni ya vipande kwa mpigo. Zile za Nanopore huvuka 10,000, ingawa hujikwaa herufi moja ikijirudia, mathalani AAAAAAA.

Kazi hasa huanza faili la FASTQ, lenye vipande vilivyosomwa, likishatoka. Kila herufi huja na alama ya ubora: Q20 ni kosa moja kwa 100, Q30 moja kwa 1,000. Kata kwanza mabaki ya adapta (vipande vya DNA vinavyobandikwa kwenye sampuli kabla ya kusomwa) na ncha zenye ubora dhaifu; ukiyaacha, utaona mabadiliko ya jeni yasiyokuwepo. Kisha vipande hulinganishwa na jenomu ya rejea, yaani DNA nzima iliyokwisha kupangwa kama kielelezo. Kwa binadamu, kila sehemu husomwa wastani wa mara 30 ili makosa ya bahati mbaya yajitenge.

Kisirani ni maeneo yanayojirudia: kipande kifupi huingia mahali pengi. Ndiyo maana jenomu ya binadamu, iliyotangazwa kukamilika 2003, ilizibwa mapengo yake mengi mwaka 2022.