Taruma la jahazi na mguu wa kiti

Mteja alinipeleka Lamu kupima vyumba vya hoteli. Alitaka viti ambavyo mgeni akivitazama tu ajue yuko pwani. Kusema kweli, kazi nilikuwa nimeshaimaliza kichwani kabla sijapanda boti: nipige picha nakshi za milango ya mji wa kale, nizichonge kwenye migongo ya viti, nipeleke ankara.

Vipimo vikaisha mapema. Nikaenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi katika kisiwa hichohicho. Ufuoni palikuwa na mashua inayoundwa, na kando yake rundo la matawi yaliyopinda ambalo nilidhani ni kuni. Mzee mmoja alikuwa akiyageuza moja moja. Anachukua tawi, analiegemeza ndani ya ubavu wa mashua, analikodolea jicho, analirudisha. La nne likakaa. Akalipitishia tezo kidogo tu, vibanzi vikamdondokea miguuni, likawa taruma, ule mti uliopinda unaoshikilia mbao za chombo kwa ndani.

Nikamuuliza amelipindaje.

"Sikulipinda, mwanangu. Limekua hivyo. Kazi yangu ni kulitafuta."

Lilikuwa tawi la mlilana, mmoja wa mikoko inayopendwa kwa mataruma. Mimi niliyesomea ubunifu wa samani nikabaki nimesimama juani kama mwanafunzi aliyechelewa.

Sababu ni hii. Mbao ni nyuzi zilizolala pamoja kuufuata urefu wa mti. Ukikata umbo la upinde kutoka kwenye ubao ulionyooka, msumeno unazikata nyuzi hizo njiani, na pale penye kona hubaki vipande vifupi vilivyoshikana ubavu kwa ubavu tu. Hapo ndipo panapopasuka. Tawi lililokua limepinda, nyuzi zake zinaizunguka kona bila kukatika. Miaka miwili nyuma nilirudishiwa viti sita, vyote vimepasuka mguu wa nyuma, mahali palepale. Nililaumu gundi. Nikalaumu mbao. Hata wageni wanene niliwalaumu.

Nakshi nimeziweka kando kwanza. Siku hizi nawafuata watu wanaopunguza miembe mikongwe, nachagua matawi yenye kiwiko, kisha nakipasua kiwiko katikati kwa urefu ili nipate miguu miwili inayofanana kama pacha. Usumbufu ni kukausha. Mti mbichi ukikauka haraka hupasuka kuanzia kwenye ncha, kwa hiyo nazipaka rangi nzito zile ncha na kuvipanga vipande kivulini, vikiachiana nafasi hewa ipite. Hilo ni suala la miezi, na mteja anahesabu wiki.

Viti vinne vya kwanza viko tayari. Nimevikalia, nimevilaza nyuma kwa miguu miwili jinsi watu wanavyofanya wakishiba, havikulia hata kidogo. Mteja amekuja kuviona, amevizunguka mara mbili, akaniuliza nakshi ziko wapi.