Tafakari upendavyo, ila vidonge vya presha usiviache

Tangu Umoja wa Mataifa upitishe mwezi Desemba 2024 kwamba kila tarehe 21 Desemba ni Siku ya Kutafakari Duniani, habari za meditesheni, yaani kutafakari kwa kutuliza akili, zimejaa kwenye magrupu ya WhatsApp, na sisi tulioko kliniki za presha na sukari tunazipokea mlangoni kila asubuhi. Wengi wanauliza kwa nia njema kabisa: je, kutuliza akili kunasaidia mwili? Kunasaidia. Kinachotupa shida ni watu wanaoacha dawa kwa sababu hiyo, na wanazidi kuongezeka.

Kuna picha moja inazunguka sana, ya mashine ya presha, upande mmoja 162/98 upande wa pili 138/86, chini imeandikwa dakika 20 tu za kutafakari na dawa nimeacha. Jamani. Mtu yeyote akipima ametoka kushuka kwenye bodaboda halafu akakaa kimya dakika 20 akapima tena, namba itashuka, hata kama muda wote huo alikuwa anahesabu mabati ya jirani. Hajapona huyo, amepumzika tu.

Ndiyo maana kupima kuna utaratibu, na naomba niurudie kwa sababu hata mapokezi watu wanagombana na manesi wetu kuhusu hili. Nusu saa kabla ya kipimo usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 bila kuongea na bila kuchezea simu, miguu yote miwili chini, usikunje nne. Mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na kile kitambaa kifungwe kwenye ngozi, siyo juu ya sweta. Pima mara mbili, kati yake subiri dakika moja au mbili. Hata ukipata 140/90 au zaidi siku hiyo bado hatukuandiki mgonjwa wa presha papo hapo, tunakuita siku nyingine turudie, isipokuwa namba ikiwa juu sana au una dalili za hatari. Sasa kama sisi hatumpi mtu ugonjwa kwa kipimo cha siku moja, wewe unajipa uzima kwa picha moja unapata wapi ujasiri huo?

Turudi kwenye sayansi yenyewe maana ipo, na ni nzuri. Mwaka 1995 huko Ohio, Marekani, watafiti walitoboa kijidonda cha milimita 3.5 kwenye mkono wa wanawake waliokuwa wanauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wakafanya hivyohivyo kwa wanawake wa umri wao ambao hawakuwa na mzigo wa kuuguza, halafu wakasubiri kuona nani anapona kwanza. Wale wauguzaji walichelewa kwa siku 9 hivi. Kidonda kilekile, saizi ileile, tofauti ni stresi. Mwili ukiwa kwenye hofu muda mrefu unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, mapigo yanapanda, mishipa inabana, kinga inalegea. Kwa hiyo bibi akisema mawazo yanamla mtu hakosei.

Na kinyume chake pia kimepimwa. Daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba mtu akitulia na kurudia neno moja taratibu, mapigo ya moyo na matumizi ya oksijeni vinashuka. Mwaka 1979 mtafiti Jon Kabat-Zinn akaanzisha pale Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kutafakari kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, na mpaka leo yanafundishwa hospitali nyingi. Mwaka 2014 wakakusanywa washiriki 3,515 kutoka majaribio 47, ikaonekana meditesheni inapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Lakini haikuonekana kuzishinda dawa wala mazoezi, na hapo ndipo wanaosambaza hizi habari huwa wanakata klipu. Chama cha Moyo cha Marekani nacho mwaka 2017 kilisema unaweza kuitumia kama nyongeza juu ya matibabu ya kawaida. Nyongeza.

Wengine wanaogopa kwamba ni dini ya kigeni au inaita mapepo. Hili nalisikia mpaka nachoka, ila nitajibu. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakirudia mantra za yoga, yaani maneno ya kurudiarudia, pumzi ikashuka mpaka kama mara 6 kwa dakika kwa zote mbili, na mishipa ikaitikia vizuri vilevile. Moyo hauulizi dhehebu. Baki na uradi wako, tasbihi yako, rozari yako.

Kuhusu mtazamo chanya, hapa naomba tuwe na huruma kidogo. Kumwambia mgonjwa wa saratani kwamba anaumwa kwa sababu ya kinyongo au hajaamini vya kutosha ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo. Vikundi vya wagonjwa kuzungumza pamoja vinampunguzia msongo, hilo liko wazi, lakini majaribio makubwa kadhaa kwa wanawake wenye saratani ya matiti hayakuonyesha kwamba vinarefusha maisha.

Sasa wale wanaouza kozi. Kufundisha watu kutulia hakuna anayekukataza, ila ukishatangaza kwamba unatibu presha au kisukari hapa Tanzania umeingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na hapo lazima ufike kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Usajili wako wewe ni jambo moja, usajili wa kituo ni jambo lingine, kibali cha tangazo ni la tatu, na kimoja hakikupi kingine. Anza kwa mratibu wa tiba asili na tiba mbadala wa halmashauri yako atakupa fomu. Anayekiuka anaweza kufungiwa kituo, kufutiwa usajili, au kupelekwa mahakamani ambako kuna faini, kifungo au vyote viwili, na kusema nilikuwa nashauri tu kwenye grupu hakutakusaidia sana.

Kwa mgonjwa utaratibu ni mwepesi. Endelea na vidonge, endelea na tafakari yako, pima nyumbani asubuhi na jioni kwa siku 7, andika namba zote hata zile zisizokupendeza. Zikiwa zimeshuka kweli daktari ndiye atapunguza dozi, na huwa tunapunguza, hatuna faida yoyote kukumezesha dawa usiyoihitaji. Wa insulini msijaribu kabisa kuacha wenyewe, na mwenye historia ya kusikia sauti au kuchanganyikiwa aongee na daktari kabla hajaanza kukaa kimya masaa mengi. Siku ya kliniki njoo na daftari pamoja na mashine yako tuilinganishe na yetu, hasa zile ndogo za kufunga kwenye kifundo cha mkono, maana nyingi zinadanganya.