Je, wajua kwa nini mchanga unaosukumwa kwa maji husumbua zaidi kwenye bomba lililoinama?

Tia maji ya tope kwenye chupa mbili, uzitikise. Moja isimamishe, nyingine iegemeze ukutani. Ukirudi baadaye utakuta iliyoinama ndiyo iliyotangulia kutakata. Daktari Mwingereza, Arthur Boycott, aliliona jambo hili kwenye damu mwaka 1920: chembe zilituama haraka zaidi katika mirija iliyoinamishwa.

Sababu ni safari fupi. Katika chupa iliyosimama, punje hushuka kimo chote hadi kitakoni. Ikiinama, punje huangukia ukuta wa chini ulio karibu, kisha zinateleza kwa pamoja, huku maji safi yakipanda yakiambaa na ukuta wa juu.

Kwa anayesukuma mchanga na maji kupandisha mlima, hiyo ni balaa. Bomba likisimama wima, punje haina pa kulala. Mchanga wa kawaida huzama sentimita chache tu kwa sekunde, kwa hiyo maji yakipanda kwa kasi kuliko hiyo, nao utapanda. Bomba likilala, mchanga hutandaa sakafuni mwake lakini hauvutwi kurudi nyuma. Bomba la mshazari lina kasoro zote mbili: mchanga unapata pa kulala, na ukishalala unateleza kurudi ulikotoka.

Kulikokotoa hili, Kenneth Wilson wa Kanada aliuchukulia mchanganyiko kama tabaka mbili: juu maji yenye punje zinazoelea, chini mchanga unaojikokota. Uzito wa tabaka la chini, ukishapunguzwa na maji yanayolibeba, hugawanywa mafungu mawili. Fungu moja hukandamiza ukuta na kuleta msuguano. Jingine huvuta kurudi chini. Kwenye mwinamo wa nyuzi 30, fungu la pili ni nusu nzima ya uzito huo! Majaribio yalionyesha kwamba kasi inayohitajika ili mchanga usitulie huongezeka kadiri bomba linavyoinuka, hadi karibu nyuzi 30, kisha hupungua. Nasi twadhani mlima mkali zaidi ndio mgumu zaidi.

Kasi yenyewe si ya mchezo. Kwa mchanga wa punje kubwa katika bomba la kipenyo cha sentimita 20 lililolala, kanuni ya Durand, Mfaransa wa miaka ya 1950, hutoa mita 3 na kitu kwa sekunde.

Shida nyingine huja pampu ikizimwa. Mchanga wote uliokuwa mteremkoni huporomoka na kurundikana bondeni, na kizibo hicho huenda kisizibuke pampu ikiwashwa. Bomba la Black Mesa, Marekani, lilisafirisha makaa ya mawe yaliyosagwa na kuchanganywa na maji kilomita zipatazo 439, kuanzia 1970 hadi 2005. Kwa mabomba marefu ya namna hiyo, wahandisi huona heri kuzunguka kilima kuliko kuzidisha mteremko ambao mchanga uliolala unaweza kuuhimili bila kuteleza. Na kabla ya kuzima pampu kwa muda mrefu, husukuma kwanza maji matupu.