Kwa nini daktari wa wanawake au wa upasuaji asomee afya ya akili?

Swali: Magonjwa ya akili si yana mabingwa wake?

Yanao, ila ni wachache, na mgonjwa haanzii kwao. Anaanzia kliniki ya kawaida, na anachokitaja ni mwili: kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, tumbo linawaka, usingizi hauji. Anapimwa malaria, anapewa dawa za vidonda vya tumbo, mwezi ujao yuko tena kwenye benchi lilelile. Kumbe ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa mhGAP, kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa wa akili kuyatambua na kuyatibu magonjwa haya.

Swali: Wanafundishwa nini hasa?

Kuuliza. Kuna dodoso la kupima sonona, PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27, zikifika 10, daktari achunguze zaidi. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na hilo ndilo wengi huliruka wakihofia kumtia mtu wazo. Hofu hiyo haina msingi. “Mama, umewahi kufikia kutamani usiamke?” Ukishauliza, weka kalamu chini, nyamaza, msubiri. Kwangu mimi, kunyamaza huko ndiko somo gumu kuliko yote.

Swali: Mgonjwa akichanganyikiwa ghafla wodini?

Usikimbilie kusema amerukwa na akili. Mzee aliyepasuliwa jana, usiku anang’oa dripu na kumwita marehemu mkewe: pima sukari, oksijeni na joto, tafuta maambukizi, angalia kama mkojo umeziba, pitia dawa alizopewa. Hiyo ni dharura ya mwili, na kumfunga kitandani hakuitibu.

Swali: Daktari huyo ataandika dawa?

Ndiyo. Lakini amwambie mgonjwa kwamba fluoksetini, dawa ya sonona, huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, la sivyo ataiacha siku ya tano. Aulize pia kama amewahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi bila kulala, kwa kuwa dawa hiyo ikitumika peke yake yaweza kuzirudisha.

Swali: Rufaa ni lini?

Mwenye mpango wa kujiua, anayesikia sauti, mzazi anayeogopa kumdhuru mtoto wake: siku hiyohiyo, akiwa na ndugu wa kumsindikiza, na daktari apige simu kule anakopelekwa kabla hawajatoka mlangoni.