Kuugua mfululizo ukiwa kazini na katika maandalizi ya mbio: maswali na majibu

Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na wengi wanaojiandaa kwa kilomita 21 au 42 si wanariadha wa kulipwa, bali ni walimu, makarani, mafundi na wahudumu wa hoteli wanaokimbia kabla ya kwenda kazini. Majibu haya ni kwa ajili ya yule ambaye katikati ya maandalizi ametoka kwenye mafua akaingia kwenye kuharisha, na kabla hajapona sawasawa akashikwa na homa.

Kwa nini nimeugua mara tatu ndani ya miezi miwili, ilhali sijawahi kufanya mazoezi mengi kama sasa?

Mtu mzima mwenye afya njema hupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka, na kikohozi kinachofuata kinaweza kuendelea hadi wiki 3. Kwa hiyo si kila unachokiita ugonjwa mpya ni kipya. Mara nyingi ni ule ule wa awali, ambao haukupewa nafasi ya kwisha kwa sababu siku ya tatu ulikuwa tayari barabarani.

Sababu nyingine kubwa ni usingizi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015, watu 164 waliojitolea waliwekewa virusi vya mafua puani, na ikaonekana kwamba waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 ya wale waliolala zaidi ya saa 7. Sasa mfikirie mpishi wa hoteli anayemaliza zamu saa nne usiku, anayefika nyumbani Pasua saa tano, na kuamka saa kumi na nusu alfajiri ili akimbie. Anaondoka bila kula chochote, anarudi na kuoga, anakunywa chai kavu kwa haraka, kisha anasimama jikoni kutwa nzima. Ukimuuliza, atakwambia kwamba anafanya mazoezi ya saa moja tu kwa siku. Mwili wake lakini hautenganishi uchovu wa jikoni na uchovu wa barabarani, wala hausamehe mlo ulioahirishwa. Mazoezi ya wastani hunufaisha afya, nami nisingependa mtu yeyote ayaache. Kinachomuumiza mpishi huyu ni jumla ya mzigo wote, na usingizi ndio anaoukata kila mara ili mengine yatoshe.

Je, ninaweza kukimbia nikiwa na mafua?

Ikiwa dalili ziko juu ya shingo tu, yaani kamasi, chafya na koo kuwasha kidogo, unaweza kutembea au kukimbia polepole kwa muda mfupi, na uache ukiona unazidiwa. Ikiwa una homa, maumivu ya misuli ya mwili mzima, kikohozi cha kifuani, kutapika au kuharisha, usifanye mazoezi kabisa. Hili nalisisitiza kwa sababu baadhi ya virusi huweza kushambulia misuli ya moyo, na mazoezi makali wakati huo huongeza hatari ya moyo kwenda mrama. Mtu aliyethibitika kuwa na tatizo hilo kwa kawaida huzuiwa kushindana kwa miezi 3 hadi 6.

Usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili uweze kumaliza mazoezi. Dawa hizo huficha homa na maumivu, na kwa mtu aliyepungukiwa maji kwa kuharisha au kutokwa jasho zinaweza kudhuru figo. Wapagazi na waongoza watalii nao wasikubali kupanda mlima wakiwa na homa au kikohozi cha kifua, kwa kuwa huko juu ni vigumu kutofautisha ugonjwa waliotoka nao nyumbani na maji yanayojaa mapafuni kwa sababu ya mwinuko.

Nikipata homa, si ni malaria au taifodi? Kwa nini nisinunue dawa moja kwa moja?

Kwa sababu homa ina vyanzo vingi. Maambukizi ya malaria katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ni madogo kuliko sehemu nyingi za nchi, lakini yapo, hasa maeneo ya tambarare, na msafiri aliyerudi kutoka Tanga au Kanda ya Ziwa anaweza kuwa nayo. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20 kwa tone la damu la kidoleni. Ukikutwa nayo, dawa mseto humezwa mara 6 ndani ya siku 3, pamoja na chakula, na dozi humalizwa hata kama siku ya pili umeamka mzima.

Kuhusu taifodi, kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja hakitoshi kuthibitisha ugonjwa, kwani kinaweza kuonyesha maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine. Nimekutana na watu wengi waliotibiwa taifodi mara kwa mara kwa kipimo hicho peke yake, na inasikitisha, kwa sababu chanzo halisi cha udhaifu wao kilibaki bila kutafutwa. Antibayotiki, iwe amoksilini au azithromaisini, haiui virusi vya mafua. Kuimeza nusu dozi kila unapokohoa kunasaidia kuzalisha bakteria sugu, na inaweza kukuongezea kuharisha.

Ni vipimo gani niombe ikiwa magonjwa hayakomi?

Mweleze daktari mfululizo mzima, si ugonjwa wa leo pekee. Ni busara kupimwa wingi wa damu, sukari, VVU na choo. Wanawake wanaopata hedhi nzito huishiwa madini ya chuma kwa urahisi, nao huona pumzi inakata kwenye mlima walioupanda bila shida mwezi uliopita. Kikohozi kilichofikia wiki 2 kipimwe kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali.

Nirudi vipi mazoezini?

Subiri homa iishe kabisa bila msaada wa dawa, angalau kwa siku nzima, kisha anza kwa kutembea. Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30 na uzidishe mara mbili. Ukijua kwamba kawaida yako ni 58 na leo umepata 68, pumzika, hata kama unajisikia vizuri. Mapigo yakirudi mahali pake, kimbia nusu ya umbali uliozoea kwenye barabara tambarare, na uiache milima ya kuelekea Mweka hadi wiki inayofuata. Wiki moja ya kupumzika haiondoi uwezo ulioujenga kwa miezi. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kuishiwa pumzi au kuzimia ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwajiri hataki kusikia habari za kuumwa tena. Nifanyeje?

Pata cheti cha daktari aliyesajiliwa, kile ambacho wengi tunakiita ED, na uhifadhi nakala yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kwa jumla, aliye na chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo hiyo ya malipo, na kwake ni muhimu zaidi kuzungumza mapema na msimamizi kuhusu kubadilishana zamu. Zamu isipobadilika, punguza siku za kukimbia kutoka sita hadi tatu, na asubuhi zilizobaki uzitumie kulala.