Ukihisi Mungu Amekuacha: Maswali na Majibu Kuhusu Imani na Sonona

Wagonjwa wengi wa afya ya akili hapa Nakuru hutufikia kliniki wakiwa wamechelewa. Si kwamba walikaa tu nyumbani. Walikuwa wakiombewa. Wamepitia kesha, wamepitia ukombozi wa kutolewa pepo, wamelala wakifunga na kuomba katika mapango ya mlima Menengai, na mwishowe jamaa anawaleta wamekonda na hawataki kusema. Maswali yaliyo hapa ndiyo tunayoulizwa kila mara, na wao wenyewe au na waliowaleta.

Uhusiano wa kihisia na Mungu ni kitu gani?

Ni yale muumini anayoyahisi moyoni kumhusu Mungu: kupendwa, kulindwa, kuogopa, kukasirika, kuachwa. Yanaweza kuwa mbali kabisa na anayoyakiri kwa kinywa. Mtu huimba Jumapili kwamba Mungu ni mwema, kisha usiku akilala anamhisi kama hakimu anayehesabu makosa yake.

John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alieleza jinsi mtoto anavyoshikamana na mzazi: akiogopa humkimbilia, akitulia hurudi kucheza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Kirkpatrick, akaonyesha baadaye kwamba waumini wengi hushikamana na Mungu kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo anayesema Mungu amemwacha haigizi. Anaumia kweli.

Baba yangu alikuwa mkali sana. Je, ndiyo sababu namwogopa Mungu?

Huenda. Wengine hubeba sura ya mzazi wakamvika Mungu. Lakini wengine waliokosa upendo nyumbani humpata Mungu kama mzazi ambaye hawakuwa naye. Zungumza na mshauri nasaha; inasaidia.

Zamani nikiomba nilikuwa nalia kwa furaha. Sasa naomba na sihisi chochote. Nimemkosea Mungu wapi?

Swali hili ndilo linaloniuma zaidi, maana anayeuliza huwa ameshajihukumu.

Sonona, ambayo wengi huiita depresheni, huua ladha ya mambo. Chakula hakina ladha. Watoto wakicheka, wewe huoni furaha. Wimbo ulioupenda unakuwa kelele. Sasa niambie, kwa nini maombi peke yake yabaki na utamu? Ubongo unaohisi furaha ya mtoto ndio huo huo unaohisi furaha ya ibada. Ukiugua, vyote vinanyamaza pamoja.

Tena sonona huzaa hatia ya uongo. Kujilaumu kupita kiasi ni mojawapo ya dalili tunazozitafuta tunapompima mgonjwa. Mama aliyejifungua majuzi anasema amelaaniwa kwa sababu hamhisi mtoto wake. Mzee anakumbuka kosa la ujana wake na kusema ndilo linalomwandama. Wote wawili wanasadiki wanachosema, na wote wawili ni wagonjwa wanaotibika.

Kwa hiyo: kutohisi Mungu si ushahidi kwamba umetenda dhambi. Narudia, si ushahidi. Eliya mwenyewe alilala chini ya mti akaomba afe. Hakukemewa wala hakuombewa pepo. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena. Na Muislamu anaijua Surat Adh-Dhuhaa: Mola wako hakukuacha wala hakukasirika nawe.

Nitajuaje kama ni sonona au ni majaribu tu ya maisha?

Hesabu wiki mbili. Ikiwa karibu kila siku, kwa sehemu kubwa ya siku, una huzuni au huna hamu ya chochote, na pamoja na hilo usingizi umeharibika, hamu ya kula imebadilika, mwili hauna nguvu, huwezi kutuliza akili, unajiona huna thamani au unawaza kifo, njoo upimwe. Tuna maswali tisa tunayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Hayana sindano.

Huzuni ya msiba ni kitu kingine, ingawa nayo inaweza kugeuka sonona.

Mchungaji amesema nipande Menengai nifunge siku 21 kwanza, kisha nikikosa nafuu niende hospitali. Ni sawa?

Hapana. Hospitali kwanza.

Mwenye sonona mara nyingi tayari amepungukiwa chakula na usingizi. Ukimwongezea njaa, baridi ya mlimani na kukesha, unamzidishia ugonjwa. Anayeugua ugonjwa wa hisia unaoitwa bipolar, mara yuko juu sana na mara chini, akinyimwa usingizi anaweza kulipuka kabisa. Akiwa anatumia lithiamu, dawa ya ugonjwa huo, na akafunga bila maji, dawa hujikusanya mwilini ikawa sumu. Mwenye kifafa akiruka dawa anaweza kuanguka. Na mtu aliyetuambia anataka kufa hapelekwi mahali penye mteremko mkali. Hilo halihitaji elimu ya udaktari kulijua.

Mwaka 2023 nchi nzima iliona ya Shakahola, kaunti ya Kilifi: miili zaidi ya 400 ilifukuliwa baada ya waumini kuambiwa wajinyime chakula ili wakutane na Yesu. Najua mchungaji wako si mtu wa aina hiyo, na pengine anakupenda sana. Lakini siku 21 ni siku 21, na ugonjwa haungoji.

Unataka kufunga? Pima kwanza, tibiwa, na ukipata nguvu muulize daktari. Unataka kuombewa? Ombewa leo, na hospitali iwe leo pia. Hakuna aliyesema uchague.

Niliombewa nikajisikia vizuri. Sasa niache dawa kama ushuhuda?

Usiache. Tafadhali, usiache. Sijui niseme kwa sauti gani.

Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kufanya kazi, na wakati mwingine zaidi. Mara nyingi nafuu huja wakati huo huo mgonjwa anapoombewa, naye anatupa vidonge mbele ya kanisa huku watu wakipiga makofi. Wanaopiga makofi hawako naye ugonjwa unaporudi. Dawa huendelea miezi kadhaa baada ya kupata nafuu, kwa kawaida isiyopungua sita, na huachwa polepole kwa mwongozo wa aliyeziandika. Hazikufanyi mraibu. Ukizikata ghafla, ndipo unapoweza kupata kizunguzungu na kukosa usingizi.

Ukitaka kushuhudia, shuhudia kwamba Mungu alikufikisha kliniki.

Nimemkasirikia Mungu tangu mtoto wangu afariki. Je, nimekufuru?

Julie Exline, mwanasaikolojia wa Cleveland, Marekani, amechunguza hasira kwa Mungu kwa miaka mingi, na amekuta kwamba waumini wengi huipitia bila kuacha imani. Zaburi zimejaa malalamiko. Ile ya 88 huishia gizani kabisa, na bado ni sala.

Hatari iko katika kukaa peke yako na mawazo kwamba umeachwa. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Waliojiona wameachwa na Mungu, waliotilia shaka upendo wake, au waliosema ugonjwa ni kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa hiyo ukimwambia mgonjwa "una pepo" au "Mungu anakuadhibu," usidhani unamjenga. Acha.

Kijana wetu anasema Mungu anazungumza naye. Ni ugonjwa?

Waumini wengi husema hivyo na ni wazima. Lakini ikiwa sauti inamtukana au kumwamuru, halali, haogi, ameacha shule na anawaogopa watu wa nyumbani, mpeleke hospitali. Msimfunge kamba. Msimchape.

Dada yangu anasema anataka "kwenda kwa Mungu mapema." Tumngoje mchungaji?

Msingoje hata saa moja. Asiachwe peke yake. Dawa za kupulizia viazi, vidonge na kamba viondolewe anapoweza kuvifikia. Mpelekeni hospitali iliyo karibu. Mkiwa mjini Nakuru, nendeni hospitali ya rufaa, ile ambayo wengi bado tunaiita PGH. Mnaweza pia kupiga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, bila malipo. Muulizeni wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani.

Wengine huficha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba. Mleteni.

Mimi ni mchungaji. Mnataka nifanye nini?

Mtu akikuambia hasikii tena uwepo wa Mungu, muulize kwanza analala vipi, anakula nini, na kama amewahi kutamani kufa. Akiwa na dawa, muulize kama amezimeza leo. Usimtake apande mbegu, yaani atoe sadaka ya pesa, ili apone. Muombee, kisha umsindikize kliniki wewe mwenyewe, maana akikuona umeketi naye kwenye benchi, familia yake yote itajua kwamba hospitali si kukosa imani. Na akikosa ibada wiki mbili, mtembelee.